BOMU LILILOLALA LINA MWENYEWE



Tarehe 8 Novemba 2017, katika Shule ya Msingi Kihinga, wilayani Ngara, mkoani Kagera, bomu la kutupa kwa mkono lililipuka katikati ya wanafunzi. Watoto watano walifariki dunia, na wengine zaidi ya arobaini walijeruhiwa. Kwa maelezo yaliyotolewa siku zile, bomu hilo lilikuwa limeokotwa na mtoto aliyedhani ni chuma chakavu, kitu cha kupimwa kwenye mizani na kuuzwa. Hakuwa mwizi, hakuwa mwasi, wala hakuwa na nia mbaya. Alikuwa mtoto aliyeona chuma, akakumbuka kwamba chuma ni fedha.

Twaanza na Kihinga kwa sababu wengi wetu hudhani kwamba habari za mabomu ni za askari, na kwamba raia huguswa nazo siku ya vita tu. La hasha. Bomu la Kihinga halikuua siku ya vita. Liliua siku ya shule, katika wilaya yenye amani. Katika ukurasa huu twataka kusema jambo moja, nalo ni hili: silaha iliyokataa kulipuka haijafa, wala si yatima. Ina mwenyewe. Kazi yetu sisi raia ni kutoigusa, kuwazuia wengine wasiiguse, na kutoa taarifa. Kazi ya kuiondoa ni deni la wale walioirusha au walioihifadhi, na deni hilo yatupasa kulidai bila woga na bila matusi.

TUNAYOYAONA

Tuangalie kwanza hali ilivyo. Ngara ni nchi ya mpakani. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia wilaya hiyo. Walio wengi walikuwa watu wanaoukimbia mauti, nao walistahili kupokewa kama Kristo mwenyewe. Kwa hiyo tusiwasingizie wakimbizi. Lakini ni kweli pia kwamba nchi zetu za Maziwa Makuu zimepitiwa na vita vingi, na kila vita huacha nyuma yake chuma kilichofukiwa, kilichofichwa au kilichosahauliwa. Wapiganaji huondoka, viongozi wao hutia sahihi mikataba, na silaha zilizolala hubaki mahali pake zikimngoja mkulima na jembe lake.

Wala haihitaji vita. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha za jeshi lililipuka Mbagala, Dar es Salaam. Tarehe 16 Februari 2011 likalipuka ghala jingine huko Gongo la Mboto, katika jiji lile lile. Katika kila msiba watu zaidi ya ishirini walipoteza maisha, na mamia wakajeruhiwa. Wengi wetu twakumbuka moshi, vilio, na wazazi waliokimbia usiku wakiwatafuta watoto wao. Lakini kuna sehemu ya msiba huo ambayo husahaulika upesi. Makombora mengi yaliruka kutoka ghalani yakaangukia mitaani na majumbani bila kulipuka, na askari walilazimika kupita mtaa kwa mtaa kuyatafuta na kuyaondoa. Mwananchi alirudi nyumbani akakuta ukutani tundu, na chini ya tundu kombora. Afanyeje? Alitoe nje? Alifukie? Amwite jirani alitazame? Ndilo swali linalotuhusu leo.

Tuvuke mpaka hadi Uganda. Mwaka 2011, katika wilaya ya Kasese, watu wanaofanya kazi ya kuwaelimisha wananchi juu ya mabomu walifika katika shule moja, wakakuta kwamba kengele ya shule ni bomu ambalo halijalipuka. Kila siku kengele hiyo ilikuwa ikigongwa ili kuwaita watoto darasani. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya huko pia. Shule ilihitaji kengele, na chuma kile kilitoa mlio mzuri.

Na tuende Kenya, huko Archer's Post na Dol Dol, katika nchi ya Wasamburu na Wamaasai. Kwa miaka mingi majeshi yalifanya mazoezi ya kupiga mizinga katika malisho hayo, yakiwemo majeshi ya Uingereza. Mazoezi yalikwisha, askari wakafunga mizigo yao, na makombora yaliyogoma yakabaki kwenye nyasi. Wachungaji wa mifugo, wengi wao wakiwa watoto, waliuawa au kukatwa viungo na vitu hivyo. Wananchi hao walidai haki yao kwa njia ya sheria, na mwaka 2002 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilikubali kuwalipa watu zaidi ya mia mbili jumla ya pauni milioni 4.5. Fedha hairudishi mkono uliokatika. Hata hivyo malipo yale yalithibitisha jambo ambalo wachungaji wale hawakuacha kulisema, kwamba chuma kile kilikuwa na mwenyewe.

KWA NINI SILAHA HUGOMA

Hatuandiki haya ili kumfundisha mtu yeyote ufundi wa mabomu. Twaandika ili kila mmoja aelewe kwa nini asiguse, kwa maana katazo lisiloeleweka husahaulika upesi.

Risasi ya bunduki ina fataki kwenye kitako chake. Fataki ikigongwa hutoa cheche, cheche huwasha baruti, na baruti husukuma kichwa cha risasi. Pengine fataki hugongwa na mlio usisikike. Sababu yaweza kuwa unyevu, uzee, au pigo hafifu. Lakini pengine cheche imekwisha kuwaka na baruti inachelewa tu kushika moto, na risasi hutoka baada ya kitambo kidogo. Ndiyo maana kila mlinzi, mgambo au askari wa wanyamapori hufundishwa kwamba bunduki ikigoma, mdomo wake ubaki umeelekezwa mahali pasipo na mtu, naye asubiri angalau nusu dakika kabla ya kuifungua, bila kuinamisha uso juu yake. Aliye na gobole asidhani kwamba amesamehewa sheria hiyo. Watu wamepoteza macho na vidole kwa kuchungulia kilichokwama.

Bomu la kutupa kwa mkono lina pini inayoshikilia mkono wa chuma. Pini ikitoka na mkono ule ukiachiwa, springi husukuma kipini cha kugonga fataki, na baada ya sekunde chache bomu hulipuka. Sasa fikirini bomu hilo limelala ardhini kwa miaka ishirini au thelathini. Pini huliwa na kutu, na springi hubaki imebanwa. Kwa hiyo kinachomtenga mtoto na mauti ni uzi mwembamba wa chuma uliokwisha kulika. Akilitikisa, akiligonga kwa jiwe ili kutoa udongo, au akilitupa ndani ya gunia la vyuma vingine, uzi ule waweza kukatika.

Kombora la mzinga au la mota lina kiwashio. Mafundi wamekifunga kwa makusudi ili kisifanye kazi kikiwa ghalani wala safarini. Mshtuko wa kufyatuliwa ndio unaokifungua, na katika makombora mengine ni mzunguko wa kombora lenyewe hewani. Kisha likigonga shabaha, hulipuka. Ila kombora likianguka kwenye matope au likatua kwa ubavu, kiwashio chaweza kusimama katikati ya kazi yake: kimekwisha kufunguka, lakini hakijagonga. Kwa sababu hiyo kombora lililorushwa likagoma ni la hatari kuliko lile lililo bado kwenye sanduku lake. Mwonekano wake wa nje hausemi lolote juu ya hali yake ya ndani. Hata fundi aliyesomea kazi hiyo hawezi kujua kwa kulitazama tu kiwashio kimesimama wapi.

Wapo wanaosema, "Limekaa miaka mingi, limekwisha oza." Ndugu zetu, baruti ya mabomu haiozi kama nyama. Huko Ufaransa na Ubelgiji wakulima bado hufukua makombora ya vita vya 1914 hadi 1918, na mengine yangali na nguvu ya kuua. Miaka huidhoofisha pini, huitoboa ganda, hufuta maandishi ya tahadhari, lakini haiondoi mauti iliyo ndani. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu.

Kwa sababu hiyo hiyo wataalamu wenyewe, wanapoitwa, aghalabu hawalibebi bomu. Huwaondoa watu, hulizungushia mifuko ya mchanga, huweka kilipuzi kidogo kando yake, kisha hulilipua pale pale lilipo wakiwa mbali. Hulihamisha tu pale ambapo hakuna njia nyingine na wamejiridhisha kwamba laweza kuhamishwa. Ikiwa mwenye elimu, mavazi ya kinga na vifaa huchagua kutolibeba, sisi tunalibeba kwa ujasiri gani?

DENI NI LA NANI

Tuyaangalie sasa mambo haya katika mwanga wa Neno la Mungu. Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, Sheria ya Musa yamzungumzia mtu aliyefungua shimo asilifunike, na mnyama wa jirani akatumbukia humo. Sheria haiulizi kama mwenye shimo alitaka mnyama afe. Haimlaumu mnyama kwa kutotazama njia. Yasema kwamba mwenye shimo atalipa. Na katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mwenye kujenga nyumba aamriwa kuweka ukingo darini, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo.

Hapo tunapata msingi wa haki. Mwenye kufanya jambo la hatari ndiye mwenye wajibu wa kuwakinga wengine nalo. Wajibu huo haukomi kwa sababu kazi imekwisha, askari wamehama au miaka imepita. Bomu lililogoma ni shimo lisilofunikwa. Ikiwa Sheria ilimjali punda wa jirani kiasi hicho, itasemaje juu ya mtoto wa jirani?

Mataifa nayo yamekubali jambo hilo, angalau kwa maandishi. Mwaka 2003 iliandikwa itifaki ya kimataifa juu ya mabaki ya silaha za vita, inayozitaka pande zilizopigana kuweka alama, kusafisha na kuharibu mabaki hayo vita vinapokoma. Mwaka 2008 ukaja mkataba wa kupiga marufuku mabomu ya mtawanyiko. Haya ni mabomu ambayo hufunguka hewani na kumwaga vibomu vingi vidogo, na vingi kati ya hivyo hugoma na kubaki ardhini kama matunda ya sumu. Siku mkataba huo ulipofunguliwa kwa sahihi mjini Oslo, tarehe 3 Desemba 2008, Kiti Kitakatifu kilikuwa miongoni mwa wa kwanza kabisa kuutia sahihi na kuuridhia siku ile ile. Kanisa halina jeshi la kunyang'anywa mabomu. Lilifanya hivyo ili kushuhudia kwamba uhai wa anayelima baada ya vita una thamani ile ile kama uhai wa aliyeponea vitani.

Tuseme wazi basi. Ghala la silaha katikati ya makazi ya watu ni shimo lisilofunikwa. Uwanja wa mazoezi usio na uzio wala kibao, na usiosafishwa baada ya mazoezi, ni shimo lisilofunikwa. Baruti iliyozeeka ikiachwa ghalani katika joto, bila kukaguliwa na bila kuteketezwa kwa wakati, yaweza kujiwasha yenyewe, na jambo hilo lajulikana kwa wenye ghala. Hatusemi haya kwa kuwachukia askari wetu. Wengi wao ni waamini wenzetu, na wao ndio huingia kwanza kwenye hatari wakati sisi tunakimbia. Twasema kwa sababu heshima ya askari hulindwa kwa kutimiza wajibu, na mwananchi anayekumbusha wajibu si adui wa taifa.

Wala asiseme mtu kwamba kazi hiyo haiwezekani kwa nchi maskini. Nchi jirani ya Msumbiji, baada ya vita virefu, ilitangazwa mwezi Septemba 2015 kuwa imesafishwa maeneo yote yaliyojulikana kuwa na mabomu ya kutegwa ardhini. Na katika kazi hiyo walishiriki panya wakubwa waliofunzwa hapa kwetu Morogoro, wenye uwezo wa kunusa baruti chini ya ardhi na wepesi kiasi cha kutokulipua bomu wanapopita juu yake. Mungu ametupa akili, na hata panya ametupa. Kinachokosekana mara nyingi ni nia.

WOGA NA UMASKINI

Tusijidanganye, hata hivyo, kwamba kosa lote liko kwa wakubwa. Tujiulize kwa nini mtu aliyekuta bomu shambani hunyamaza. Sababu ni mbili.

Ya kwanza ni woga. Mkulima hujiuliza: "Nikienda polisi, nitaulizwa nimelipata wapi, nani mwingine anazo, kwa nini liko shambani kwangu. Nitaingia kama shahidi na kutoka kama mshitakiwa." Basi hulifukia usiku, au hulitumbukiza katika choo cha shimo, au hulitupa mtoni, kisha hulala akidhani ametua mzigo. Hakuutua. Ameuhamishia kwa yule atakayechimba hapo baada ya miaka kumi, ambaye pengine ni mjukuu wake mwenyewe. Twawaambia wenzetu waliopewa mamlaka, kwa heshima na kwa mkazo: anayetoa taarifa apokewe kama mfadhili wa kijiji. Nchi zetu zilipotia sahihi Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 juu ya silaha ndogo, zilikubali kuzikusanya na kuziharibu silaha zilizozagaa. Nchini Tanzania Serikali ilitangaza kipindi cha msamaha mnamo Septemba na Oktoba 2022, ili wenye silaha zisizo halali wazisalimishe kwa hiari. Roho ya msamaha huo ingestahili kudumu mwaka mzima kwa kila mwananchi mwema aliyekuta tu na hakumiliki.

Sababu ya pili ni umaskini. Vyuma chakavu vina bei, na mtoto wa maskini hujifunza mapema kukitambua chuma kizito. Nabii Isaya aliona siku ambayo panga zitafuliwa ziwe majembe, na mtu aweza kudhani kwamba kuuza ganda la bomu ni kutimiza unabii. Lakini nabii aliwaambia mataifa na wenye panga wabadili silaha zao wenyewe. Hakumtuma mtoto wa darasa la pili akafue upanga uliokwisha kuinuliwa. Mnunuzi anayepokea chuma cha namna hiyo mkononi mwa mtoto bila kuuliza ameshiriki katika hatari yake, hata kama hakuvunja sheria aijuayo. Twawaomba waamini wenye biashara hiyo wafanye uamuzi mmoja mbele ya Mungu: wasinunue chuma kwa mtoto wa shule, na wasipokee kamwe kitu chenye umbo la risasi, bomu au kombora, hata kikiwa na tundu, hata kikisemwa kuwa ni kitupu.

YATUPASAYO KUTENDA

Katekista, mwenyekiti wa jumuiya, mama wa WAWATA na kijana wa VIWAWA husikilizwa mahali ambapo tangazo la redio halifiki. Kwa hiyo twawakabidhi mambo haya, yafundishwe katika jumuiya, katika mafundisho ya Komunyo ya Kwanza na Kipaimara, na katika mikutano ya wazazi.

Kwanza, usiguse. Usilisogeze kwa mguu wala kwa fimbo, usilirushie mawe, usilimwagie maji, usilifukie, usilitie motoni. Hata risasi moja ndogo isitupwe motoni wala kugongwa kwa nyundo. Na kama shamba lashukiwa, lisichomwe moto wakati wa kuliandaa.

Pili, simama, ukumbuke mahali, kisha urudi kwa njia ile ile uliyoijia, kwa sababu palipo na moja huenda pakawa na jingine. Ukiwa umekwisha kuwa mbali, weka alama inayoonekana njiani: matawi, mawe yaliyopangwa, au kitambaa kwenye mti. Alama iwekwe pale ambapo mpitaji ataiona kabla ya kulifikia bomu.

Tatu, wazuie watu. Desturi yetu ya kukusanyika kutazama ajabu ndiyo hugeuza msiba wa mtu mmoja kuwa msiba wa kijiji. Watoto waondolewe kwanza, na mifugo isipitishwe hapo. Vipande vya bomu huruka mamia ya mita, kwa hiyo kusimama upande wa pili wa barabara si kujikinga.

Nne, toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji au mtaa na kwa polisi, nao wawaite wataalamu wa jeshi. Usipige simu wala kutumia redio ya upepo ukiwa karibu na bomu, ondoka kwanza. Eleza mahali, ukubwa na umbo. Usilete kipande kama ushahidi.

Tano, ninyi mnaoogopa kwenda ofisini peke yenu, njoni parokiani. Padre, katekista au mjumbe wa Tume ya Haki na Amani atafuatana nanyi. Ila twawasihi sana: tuleteeni habari, msituletee bomu. Wako watu wema ambao, kwa kuliamini Kanisa, wangelitia kikapuni na kulibeba hadi mlangoni kwa padre. Imani hiyo twaishukuru, lakini njia hiyo hapana.

Sita, kagueni kengele zenu. Vigango vingi hutumia kipande cha reli au ringi ya gari, na hilo ni jema. Lakini ikiwa chuma kinachoning'inia mtini kina umbo la yai refu, kina mabawa nyuma au pua iliyochongoka, msikigonge tena, msikishushe, bali fuateni hatua tulizotaja. Maganda matupu ya vita nayo yasipambe altare wala sebule mpaka mtaalamu ayathibitishe.

Saba, andikeni. Kila parokia iwe na daftari la matukio: siku, mahali, nani alitoa taarifa, kwa ofisi gani, na jibu lilikuja lini. Taarifa ya mdomo hupotea, lakini yenye tarehe hudaiwa. Zikipita siku bila jibu, Tume iandike barua, na isipojibiwa, iandike tena, na nakala ipelekwe kwa diwani, kwa mbunge na kwa Tume ya Jimbo. Barua za namna hiyo si uchochezi. Ni mwananchi anayemkumbusha mwenye shimo kwamba shimo lake liko wazi.

KWA KUHITIMISHA

Mwaka 1967 Papa Paulo wa Sita alipounda Tume ya Haki na Amani, alitaka dhamiri ya waamini iamshwe mbele ya mateso ya maskini. Ndugu zetu, dhamiri nayo yaweza kulala kama bomu. Huzoea. Hupita njia ile ile kila siku, huliona lile chuma chini ya mwembe, na husema, "Limekuwapo siku zote." Tofauti ni kwamba bomu tunaliombea lisiamke, na dhamiri tunaiombea iamke kabla ya kengele ya shule.

Wale watoto watano wa Kihinga wangekuwa leo vijana wa VIWAWA, wengine pengine wangekuwa wazazi. Tuwaombee pumziko la milele. Tuwaombee pia wale waliobaki na makovu, ambao hubeba mwilini vipande vya vita wasivyovipigana. Na tukitoka katika sala hiyo, mmoja wetu aende kwa mtendaji akiwa na daftari mkononi.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Je, katika eneo letu kuna mahali palipopiganiwa vita, palipokuwa kambi, au palipofanyika mazoezi ya kijeshi? Wazee wanakumbuka nini juu ya mahali hapo?

2. Mtu wa jumuiya yetu akikuta bomu leo, ataogopa nini? Tufanye nini ili woga huo upungue?

3. Nani kati yetu ananunua au kuuza vyuma chakavu, na twaweza kukubaliana naye jambo gani kwa ajili ya usalama wa watoto?

4. Ni barua gani tunapaswa kuiandika mwezi huu, na kwa nani?